Tundu Kwenye Chasisi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alipanda kwenye kiti cha dereva cha pikapu ya mama yake, mkoba ukiwa bado mgongoni, akasubiri amri kutoka nyuma ya gari.

“Kulia,” mama aliita.

Chiriku aliwasha taa ya kulia.

“Kushoto. Haya, breki.”

Hapo alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, kwa maana alikuwa na miaka kumi na miwili tu na mguu mmoja haukutosha. Mama alizitazama taa nyekundu zikiwaka, akaizunguka pikapu huku akiyagonga matairi kwa ngumi, akainama kuchungulia chini, kisha akasema, “Shuka sasa, usije ukachelewa ukanisingizia mimi.”

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Alilipata darasani, kwa sababu tangu anafumbua macho mpaka anayafumba mdomo wake haukupumzika. Mwalimu alimhamisha dawati mara tatu ili anyamaze, na mara zote tatu ikawa amempatia rafiki mpya wa kuzungumza naye. Tena akisimulia jambo alipenda kulikuza kidogo. Mama yake alimtania kwamba nyumba yao ilikuwa na chumvi nyingi kuliko ghala.

Na kweli, maisha yao yalitegemea chumvi. Mama alikuwa dereva wa kubeba magunia ya chumvi kutoka kwenye mabwawa inakokaushwa hadi kwenye maghala ya mjini. Katika kituo chao kulikuwa na madereva kumi na watano, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Walimcheka mwanzoni, wakachoka wenyewe. Walikuja kugundua kwamba yule mama hakuzidisha gunia hata moja juu ya uzito ulioruhusiwa, na kwamba alisimama kwenye mizani hata siku ambayo msimamizi wa mizani hayupo. Wenye maghala walimwamini kuliko walivyoviamini vitabu vyao.

Halafu kulikuwa na ile kazi ya jioni. Madereva wengine walipokuwa wamekwisha kuvua viatu, mama Chiriku alikuwa bado amechuchumaa na mpira wa maji, akiuosha upande wa chini wa pikapu kwa maji baridi.

“Chumvi inatulisha sisi, lakini chuma inakila,” alisema. Kwa hiyo aliosha kila siku, awe mgonjwa au mzima.

Pamoja na bidii hiyo yote, habari mbaya ilikuja. Mwezi mmoja nyuma, pikapu ya aina hiyohiyo ilikatika katikati mbele ya ghala lililo karibu na shule. Chiriku alikuwa akipita. Aliiona ikilala na tumbo lake chini, magurudumu ya mbele yakitazama huku na ya nyuma yakitazama kule. Dereva alitoka mzima, akacheka, kisha akakaa ukingoni mwa barabara akalia mbele za watu bila kuona haya. Chiriku aliisimulia habari hiyo kwa kila mtu. Jambo moja tu hakulisema: kwamba tangu siku ile, kila alipokanyaga breki asubuhi, alimwona mama yake pale ukingoni, na si yule dereva.

Gari likikatika hivyo, kilichooza huwa ni chasisi. Hizo ni nguzo mbili ndefu za chuma, tupu ndani kama bomba, zinazobeba injini, bodi na mzigo wote. Kampuni iliyotengeneza pikapu zile ilichunguza, ikakiri kosa lake waziwazi: chasisi za miaka ile hazikupakwa vizuri kwa ndani. Kutu ilianzia ndani, mahali ambapo mpira wa maji wa mama Chiriku haukuweza kufika. Kampuni ikawatangazia wenye magari wote wayapeleke kukaguliwa. Chasisi iliyotobolewa na kutu ingebadilishwa bure. Ambayo haijatoboka ingesuguliwa, ingepuliziwa dawa nzito ya kuzuia kutu, na mwenyewe angerudi nayo nyumbani.

Siku mbili kabla ya zamu ya mama, dereva mwenzake alipita kuwasalimia. Huyu walimwita Mkato, kwa kuwa hakuna safari ambayo hakuijulia njia ya mkato, hata kama njia yenyewe ilimchelewesha. Pikapu yake ilikuwa imekwisha kukaguliwa.

“Wamesema haina tundu, dada,” alilalamika, akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Wananipulizia dawa tu. Hebu fikiria. Katundu kamoja, ka ukubwa wa kidole, na ningekuwa na chasisi mpya. Ningejua mapema ningeisaidia kutu kidogo kwa tindo na nyundo.”

Mama alicheka. “Na wakikuuliza?”

“Naapa kwamba kutu ilikuja na nyundo yake.”

Wakacheka wote wawili, wakaingia kwenye mazungumzo mengine. Kwao ulikuwa mzaha tu. Chiriku, aliyekuwa akimenya viazi pale mlangoni, hakucheka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisikia neno akalifungia ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda kwa miguu kumjulia hali nyanya, aliyeteguka mguu. Chiriku alisema tumbo linamsumbua, akabaki. Lango lilipofungwa tu, tumbo likapona. Alitoa tindo na nyundo kwenye sanduku la vifaa, akaketi chini nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ambapo mkono wake ulifika vizuri, akaanza kugonga.

Chuma hakikuwa na haraka ya kutoboka. Alihesabu mapigo mpaka mia mbili, kisha akachoka kuhesabu. Alijigonga kidole gumba mara mbili, akakinyonya, akaendelea. Hakugonga kwa utundu. Aligonga kwa woga, na woga ulimpa nguvu. Mwishowe tindo likazama. Palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Alikoroga udongo mwekundu na oili chafu, akapaka kuzunguka tundu mpaka likaonekana la zamani. Mama aliporudi alimkuta amelala, kidole gumba amekificha chini ya mto.

“Bado tumbo?” mama aliuliza, akimgusa paji la uso.

“Bado, mama.”

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya likizo, hivyo wakaenda pamoja. Gereji ya kampuni ilikuwa na lifti mbili za kuinulia magari, sakafu iliyofagiwa kuliko nyumba nyingi, na foleni ya pikapu hadi nje ya lango. Mkato naye alikuwemo kwenye foleni, amekuja kupuliziwa dawa yake. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mezani kwake palikuwa na fomu, kalamu na nyundo ndogo ambayo mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa.

“Shikamoo, mzee,” Chiriku alisema.

“Marahaba, mjukuu. Karibu, mama. Nina swali moja kabla sijaanza. Kuna sehemu yoyote ya chasisi iliyochomelewa, iliyotobolewa au iliyopakwa chochote?”

“Hakuna,” mama alijibu bila kusita. “Gari hili naliosha mwenyewe, nalikagua mwenyewe. Hakuna mtu mwingine anayeligusa.”

Mkaguzi akaandika ‘hakuna’ kwenye fomu. “Basi tia sahihi hapa.”

Mama akatia sahihi kwa mwandiko wake mkubwa ulionyooka. Chiriku aliitazama kalamu ikipita juu ya karatasi. Wazo la kwamba mama angeulizwa halikuwa limemjia hata kidogo. Alikuwa amefikiria juu ya chuma peke yake.

Pikapu iliinuliwa. Mkaguzi akaingia chini yake na tochi na ile nyundo, akaanza kugonga kutoka mbele, pigo dogo baada ya pigo dogo, kichwa amekiinamisha upande. Ilikuwa raha kumtazama. Chuma kizima kililia kwa sauti nyembamba, naye akasogea hatua. Kilipolia vibaya kidogo alichora alama kwa chaki. Alisikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto.

Akafika nyuma ya gurudumu la mbele. Akasimama. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mahali pamoja, akafuta tena.

“Mama, njoo uone,” alisema kwa sauti ya chini. “Kutu ikitoboa chuma huacha ukingo unaomeguka kama biskuti. Ukingo huu unang'aa, tena umepinda kwenda ndani. Hapa pamepigwa tindo. Na huu uliopakwa juu ni udongo na oili.”

Mama alitazama. “Haiwezekani.”

“Nilikuuliza pale mezani.”

“Na mimi nikakujibu ukweli. Sijalitoboa gari langu.”

“Kila wiki naambiwa hivyo,” mkaguzi alisema, bila ukali, kwa uchovu tu. “Utaratibu unasema nikikuta hivi niishie hapohapo. Nalishusha gari, naandika kwamba limeharibiwa kwa makusudi, unarudi nalo nyumbani. Samahani.”

Madereva wawili kwenye foleni waligeuka kutazama. Mmoja aliguna. Mama Chiriku, ambaye hakuwahi kuficha hata kilo moja kwenye mizani, alisimama katikati ya watu kama mwizi. Hakupiga kelele. Aliifuta mikono yake kwenye gauni ingawa haikuwa na uchafu wowote.

Chiriku, yule ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alitafuta neno asilione. Akamtazama Mkato, na Mkato akatazama viatu vyake. Mkaguzi akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kushushia lifti.

“Ni mimi,” Chiriku alisema.

Sauti ilitoka ndogo sana, ikabidi arudie. “Ni mimi, mzee. Nilitoboa jana, mama alipokwenda kwa nyanya. Mama hajui chochote. Tumbo haliniumi. Nilidanganya na hilo pia.” Alikitoa kidole gumba alichokuwa amekikunja kwenye ngumi, kikiwa kimevimba na cheusi. “Nilitaka wampe chasisi mpya. Niliiona ile iliyokatika. Sikutaka mama naye akatikiwe.”

Kisha akalia, na kwa kuwa alikuwa ameuzuia mdomo wake siku tatu nzima, alilia kwa sauti kubwa.

Mkato alikohoa. “Mzee, mimi pia nina la kusema. Wazo la tindo lilitoka kwangu. Nilikuwa natania, lakini nilitania mbele ya mtoto.” Alisema huku uso umemshuka, na kwa mtu aliyezoea njia za mkato ile ilikuwa safari ndefu.

Mama hakumpiga binti yake, wala hakumkumbatia. Alikwenda mpaka mezani.

“Naomba ile fomu yangu,” alimwambia mkaguzi.

“Ya nini?”

“Nimetia sahihi juu ya jambo ambalo si kweli. Sikujua, lakini sahihi ni yangu.”

Akakata neno ‘hakuna’ kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: ‘Tundu moja, limetobolewa kwa tindo na binti yangu.’ Akatia sahihi tena, kwa mwandiko uleule mkubwa ulionyooka, ingawa alijua fika kwamba maneno hayo yangeweza kuwa ndiyo mwisho wa kazi yake ya udereva. Akairudisha fomu kwa mikono miwili.

Mkaguzi alivaa miwani yake akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe.

“Miaka kumi na minane niko hapa,” alisema. “Watu wameniomba nifumbe macho. Hakuna aliyewahi kuniomba kalamu.” Akamgeukia Chiriku. “Wewe, mjukuu, ulipiga mapigo mangapi?”

“Mia mbili,” Chiriku alisema kwa kwikwi. “Halafu mengine.”

“Hutii chumvi?”

“Leo hapana.”

“Basi ulichagua mahali penye chuma kizima kuliko pote. Kutu ingekupokea kwa pigo moja.” Aliichukua tochi yake. “Sasa nimeshajua tundu hili ni la nani. Siwezi kuahidi lolote, hilo wataamua wakubwa. Lakini nimeshajua lipi la mtu, na sasa naweza kutafuta la kutu. Acheni nimalize kazi yangu.”

Alirudi chini ya pikapu. Aligonga mpaka nyuma, akalifungua tairi la akiba, akaliweka kando. Kisha akaingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu juu ya springi za nyuma, mahali ambapo hakuna mtu anayechuchumaa angeweza kupaona. Akapeleka nyundo yake kulekule na kugonga mara moja tu, kwa upole uleule.

Nyundo ilizama mpaka kwenye mpini.

Vipande vya kutu vilimwagika sakafuni kama majani makavu. Mkaguzi alihamia upande wa pili, akagonga tena, na upande wa pili ukamwagika pia. Madereva walisogea kutazama. Hata yule aliyeguna alikuwa amevua kofia.

“Mama,” mkaguzi aliita kutoka chini, “mara ya mwisho ulipakia lini?”

“Jumamosi. Magunia kumi na manane.”

“Na ungepakia tena lini?”

“Leo mchana, kama ungenirudisha.”

Mkaguzi alitoka, akajifuta uso. “Kama mtoto huyu angekaa kimya, ningelishusha gari bila kufika huku nyuma.” Mama alitafuta mahali pa kuketi, akaketi kwenye lile tairi la akiba, akamvuta Chiriku akamweka mapajani kama mtoto wa miaka mitatu, mbele ya foleni yote.

Pikapu ilibaki gereji. Mkato aliwarudisha nyumbani, na kwa mara ya kwanza alipita barabara kuu mwanzo hadi mwisho. Ripoti ya mkaguzi ilikwenda kwa wakubwa ikiwa na matundu yote matatu, kila moja na mwenyewe. Siku tisa walisubiri. Mama alibeba magunia ghalani kama kibarua, na Chiriku hakucheza likizo hiyo; kila siku alikwenda kwa nyanya kumchotea maji na kumfulia, akamweleza pia kuhusu lile tumbo ambalo halikuwa likiuma. Siku ya kumi simu ililia. Chasisi ingebadilishwa, bure.

Walipokwenda kuichukua pikapu, mafundi wawili walikuwa wakiitoa ile chasisi ya zamani nje. Mmoja aliinua mbele, mwingine nyuma. Hawakuwa wamepiga hatua nne ilipokatika yenyewe, mahali palepale juu ya springi, bila gunia hata moja juu yake. Ncha yake ilianguka chini na kuvunjika vipande.

Mama alisimama akaitazama. Chiriku alimshika mkono.

“Unanikasirikia bado?” aliuliza.

“Siku ile nilikasirika,” mama alisema. “Leo nataka unisikilize, mwanangu, maana sitalisema mara mbili. Ukiogopa kitu, niambie. Hata kama unadhani mimi ndiye sitaki kusikia, niambie. Woga wako haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuuficha, ukaufanyia kazi peke yako gizani. Uongo wako ulikaribia kunirudisha kwenye gari bovu. Ukweli wako, ambao uliusema ukilia na watu wote wakikutazama, ndio ulionitoa. Mimi naendesha miaka kumi na minne sasa, na sijawahi kufanya jambo gumu kama lile ulilofanya wewe. Ninajivunia kuwa mama yako.”

“Nitakuambia, mama,” Chiriku alisema. Mkaguzi, aliyekuwa ameegemea mlango wa ofisi akisikiliza, alimwambia mama kwamba funguo ziko tayari.